Sura ya Nne ya Kitabu cha Udongo

Profesa Ognjen Karapandžić alikuwa akisaini vitabu kwa wino wa kijani. Mwanafunzi aliingia chumba cha mtihani, akaweka kitabu mezani, profesa akafungua ukurasa wa tatu, akapiga sahihi yake kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, akaandika tarehe, na hapo ndipo mtihani wa mdomo ulipoanza. Kitabu kikishasainiwa hakisainiwi tena. Huwezi kumwachia mdogo wako wala kumuuzia anayekufuata, maana akija nacho profesa ataona wino wake mwenyewe na kumwambia arudi muhula mwingine. Katika kitivo cha kilimo cha Rasnovac mambo yalikwenda hivyo tangu zamani, na watu walishayazoea kama walivyozoea ukungu wa bondeni.

Mwezi wa Aprili aliingia chumba hicho binti aitwaye Vidosava Jeremić, ambaye wenzake walimwita Vida, akiwa amebeba kopi. Alikuwa ameitoa kwenye duka la fotokopi mkabala na lango, kurasa zote, zimebanwa kwa waya wa plastiki. Karapandžić aliipima kwa mkono, akaiweka dirishani juu ya kopi nyingine zilizokuwa zimejikunja kwa jua.

"Udongo unaujua, mwenzangu?" aliuliza. Maprofesa wa huko huwaita wanafunzi wenzao, hata wanapowafukuza.

"Naujua, Profesa."

"Sina shaka kabisa. Basi njoo na kitabu, tuzungumze."

Bei ya kitabu hicho ilikuwa sawa na kodi ya chumba chake ya mwezi mzima. Wazazi wake walilima rasiberi katika kijiji cha Jasenje, upande wa juu wa bonde, na mwaka uliotangulia nusu ya shamba ilioza mizizi, ikawa haina kitu. Vida alisoma kwa nafasi ya serikali, na nafasi hiyo ilikuwa na sharti: asipofaulu somo la udongo katika muhula wa Juni, ingepewa mtu mwingine. Hapo angerudi Jasenje kuchuma rasiberi zilizobaki, na wala si kwa likizo moja. Hakuwalaumu wazazi. Alimchukia Karapandžić, na aliichukia zaidi ile sauti yake ya upole.

Siku ya wafu ya kabla ya Pentekoste, mama mwenye nyumba, Bi Bosiljka, alimchukua kwenda naye makaburini. Walibeba ngano iliyochemshwa na kusagwa na kokwa za jozi na sukari, mishumaa, mkate, na kahawa katika chupa ya chai. Huko kinachowekwa juu ya kaburi siku hiyo ni cha roho ya marehemu. Apitaye yeyote hula, na hakuna anayeuza. Kando ya kaburi la mume wa Bi Bosiljka lilikuwapo kaburi lililoota nyasi, lenye jina la Profesa Svetozar Lukić, mwanasayansi wa udongo, aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Jina hilo Vida alilijua. Lilikuwa kwenye jalada la kitabu, chini ya jina la Karapandžić, kwa herufi ndogo zaidi. Lukić ndiye aliyekiandika. Karapandžić alikuwa amemwoa binti yake. Kufa kufaana.

Vida aling'oa nyasi, akawasha mshumaa, akaweka kijiko cha ngano, akamimina kahawa ardhini. Kisha akafanya kosa.

"Profesa," alisema, "nisaidie nipate kitabu chako."

Bi Bosiljka alimpiga kofi la mkononi.

"Umeomba nini wewe? Wafu hupewa, mwanangu, hawaombwi. Leo ni siku yao ya kupumzika, na wewe unawapa kazi?"

"Nimeteleza tu, Bi Bosiljka."

"Haya, sasa tutaona atakavyokuja."

Alikuja Jumatatu. Bawabu Miloje alipofungua mlango wa kitivo asubuhi alimkuta ngazini, amevaa suti nyeusi aliyozikwa nayo, mikono ya koti imeingia udongo. Miloje alimwomba kitambulisho kama alivyomwomba kila mtu. Marehemu akakitoa katika mfuko wa ndani. Miloje alikipitisha kwenye mashine, taa ikawaka kijani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekumbuka kukifuta.

"Umepungua, Profesa," Miloje alisema.

"Chakula cha kule ni ngano tu," alijibu Lukić. "Na huletwa mara nne kwa mwaka."

Alikwenda kuketi kwenye benchi la ukumbi wa chini, mahali palipotundikwa masanduku marefu ya vioo yenye udongo wa bonde zima, tabaka juu ya tabaka, kila moja na kibandiko chake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu hakupewa jembe, lakini siku ya tatu mtu alimletea chaki na ubao. Alianza kusoma kitabu chake kwa kichwa, sura baada ya sura, polepole, na yeyote aliyetaka aliandika. Kwanza alikuwapo Vida peke yake, amepiga magoti sakafuni. Kabla ya wiki kwisha ukumbi ulijaa mpaka Miloje akalalamika kwamba watu hawawezi kufika chooni.

Jua lilipotua marehemu aliondoka, akavuka daraja la mto kwenda makaburini, na asubuhi akarudi.

Alipofika sura ya nne aliweka chaki chini.

"Hii futeni," alisema. "Niliandika kwamba lile tabaka zito la udongo wa mfinyanzi halipitishi maji, na kwamba mfereji wa shubiri mbili unatosha kulinda mizizi. Si kweli. Nimelala ndani yake miaka tisa. Maji yanapita chini, kwa ubavu, kila theluji inapoyeyuka. Nalowa mpaka mgongoni. Mfereji uwe wa kimo cha kiuno, la sivyo mizizi inaoza. Andikeni hivyo."

Vida hakuandika. Alikumbuka baba yake na jembe, akichimba mifereji ya shubiri mbili kama bwana shamba alivyomwelekeza, na bwana shamba alikuwa amesomea kitivo hikihiki.

"Vipi, mwanangu, kalamu imekufa?" marehemu aliuliza.

"Hapana, Profesa. Kalamu iko hai."

"Basi iandike. Aliyekufa hapa ni mimi."

Mhadhiri mmoja kijana, Nevenka Brdar, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya maabara, alikusanya maandishi ya wanafunzi, akayalinganisha, akayachapa na michoro, akaingiza masahihisho ya sura ya nne, akakiweka kitabu chote kwenye tovuti ya kitivo. Juu yake aliandika kwamba kila mtu ana ruhusa kukisoma, kukichapa, kukirekebisha na kumpa mwingine, bila malipo. Chini akaandika jina la Svetozar Lukić kwa herufi za kawaida. Kisha aliomba baraza la walimu liamue kwamba hicho ndicho kiwe kitabu cha somo, badala ya kile cha dukani.

Baraza lilikaa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Marehemu aliletewa kiti karibu na dirisha, kwa sababu ya harufu. Karapandžić alisimama, akamwinamia kwanza mkwewe.

"Hakuna hapa asiyemheshimu baba mkwe," alisema. "Mimi wa kwanza. Ila twende kwa sheria."

Mwanasheria wa kitivo alifungua kabrasha lake. Alieleza kwamba haki za mwandishi hudumu miaka sabini baada ya kifo chake, na kwamba kwa miaka hiyo yote ni mali ya warithi. Mrithi wa Profesa Lukić ni binti yake, Ljiljana, na Ljiljana alikuwa ameshakabidhi usimamizi wa haki hizo kwa mumewe.

"Na mwandishi mwenyewe akitaka kukitoa bure?" aliuliza Nevenka.

"Mwandishi ni marehemu."

"Mwandishi ameketi pale."

Mwanasheria alitazama dirishani.

"Nimemwona. Tumesalimiana. Lakini cheti cha kifo hakijafutwa, na anayeruhusiwa kuomba kifutwe ni mhusika mwenyewe, akiwa hai."

"Nakitoa," alisema Lukić kutoka kwenye kiti chake. "Niliwahi kukitoa hata enzi zangu. Wanafunzi walikuwa wanakirithishana mpaka majalada yanang'oka."

"Iandikwe kwamba marehemu amesema," mwanasheria alimwambia mwandishi wa kikao. "Isiandikwe kwamba ametoa."

Walipiga kura. Nevenka aliinua mkono peke yake. Mkono wa marehemu haukuhesabiwa. Jioni hiyohiyo kitabu kiliondolewa kwenye tovuti, na Nevenka akahamishiwa shamba la majaribio la upande wa pili wa mto, ambako hakukuwa na wanafunzi.

Kesho yake Ljiljana alikuja ukumbini na shati safi. Wanafunzi walimpisha. Alimvua baba yake koti, akalikung'uta udongo dirishani, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Baba, unaniaibisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Ile sura ya nne ina kosa, Lilo."

"Wajukuu zako wanasoma Viena. Unafikiri wanasomeshwa kwa upepo?"

Marehemu alikuwa akimpenda binti huyu kuliko kitu chochote alichokiacha duniani, akainua kidevu ili amalizie kifungo cha juu. Ljiljana alishika mfuko wa ndani wa koti, akahisi kilichomo, akaacha. Ndiye aliyempa. Siku ya mazishi alimwekea humo noti za kulipia njia, kwa maana asiye na cha kulipa havuki kwenda kwa wafu, na noti hizo bado zilikuwapo, kwa sababu kila alipovuka daraja alizionyesha tu, akarudishiwa.

Mtihani ulifika. Vida alikuja mapema na maandishi yake mwenyewe, daftari mbili zilizojaa, akaketi kwenye benchi kando ya marehemu. Milango ya chumba namba kumi na mbili ilikuwa wazi nusu, na kutoka ndani ulisikika mkwaruzo wa kalamu ya profesa kwenye ukurasa wa tatu.

"Umeleta nini?" aliuliza Lukić.

"Hizi."

"Atazikataa."

"Najua. Ila nitasimama pale mpaka anifukuze. Angalau anifukuze mbele ya watu."

"Halafu?"

Vida alizipanga daftari magotini. Halafu ilikuwa Jasenje.

Marehemu alikaa akitazama masanduku ya udongo. Kisha akainuka, magoti yakalia, akamwambia, "Nifuate." Walikwenda kwenye duka la vitabu la kitivo, lililokuwa chini ya ngazi, dirisha dogo lenye pazia la maua. Muuzaji, Radunka, alikuwa anakula njugu.

"Kitabu cha udongo," alisema Lukić. "Kimoja. Mwandishi hupunguziwa?"

"Wafanyakazi hupunguziwa, Profesa. Wewe umetolewa kwenye orodha."

"Lini?"

"Ulipofariki."

"Sawa, ni haki."

Akaingiza mkono mfukoni. Vida alipoziona noti zilizonata nta ya mishumaa alimshika mkono, na mkono ulikuwa mzito na wenye unyevu.

"Profesa, hizo si za njiani?"

"Ni za njiani."

"Utarudije sasa?"

"Kwani nina haraka ya nini? Kule kunalowesha." Alihesabu noti mara mbili, kama watu wa rika lake walivyohesabu. "Uliniomba nikusaidie kupata kitabu. Nilidhani ningekupa bora zaidi. Imeshindikana, basi chukua hiki."

Radunka alipangusa nta kwa kitambaa, akatoa risiti. Kwenye jalada jina la Karapandžić lilikuwa juu, kwa dhahabu.

Waliingia pamoja. Mitihani ya mdomo huko ni ya hadhara na yeyote anaweza kukaa asikilize, hivyo marehemu alikaa kwenye kiti cha pembeni, chini ya dirisha lenye kopi zilizojikunja. Karapandžić alimwitikia kwa kichwa. Vida aliweka kitabu mezani. Profesa alikifungua, akanusa kidogo, akapiga sahihi pembe hadi pembe, akaandika tarehe. Wino ulikuwa mbichi. Sasa kitabu kilikuwa kimetumika, na kama angefeli angehitaji kingine.

"Chukua karatasi, mwenzangu."

Maswali yalikuwa yamekunjwa mezani. Vida alichukua moja, akaikunjua, akaisoma. *Mwendo wa maji katika tabaka la mfinyanzi la bonde, na kina cha mifereji.*

"Nakusikiliza," alisema Karapandžić.

Kitabu kilikuwa katikati yao. Kosa lilikuwa ndani yake, na jibu la kweli lilikuwa limeketi chini ya dirisha na suti yake. Vida alimtazama marehemu. Marehemu alikuwa anatazama viatu vyake. Alimtazama Karapandžić, ambaye kalamu yake ya kijani ilikuwa haijafunikwa. Aliliona shamba la nyumbani, mifereji ya shubiri mbili iliyochimbwa wima na kwa unyoofu, baba yake akiwa na fahari nayo, na mizizi myeusi waliyoing'oa kwa mikono mwezi wa Machi. Alijua kwamba akisema alichokijua atatoka humu hana nafasi, hana kitabu, na marehemu atakuwa ameuza njia yake bure.

"Mwenzangu, wengine wanasubiri."

Lisilo budi hutendwa.

"Tabaka la mfinyanzi halipitishi maji," alisema Vida. Sauti yake ilitoka vizuri, na hilo ndilo lililomtia aibu. "Kwa hiyo chini yake hakuna mwendo. Mfereji wa shubiri mbili unatosha kulinda mizizi."

"Ya mimea gani?"

"Matufaha, plamu..." Alishika ukingo wa meza. "Na rasiberi."

"Vizuri sana. Neno kwa neno." Karapandžić alimgeukia mkwewe. "Ndivyo, sivyo, baba mkwe?"

Marehemu alitazama kitabu mezani. Huko nje mtu aliangusha mwavuli.

"Ndivyo nilivyoandika," alisema.

Vida alipewa tisa kwa kumi. Profesa alimwandikia kwenye kijitabu chake cha mitihani kwa kalamu ileile, akamtakia likizo njema, na hakuwa akimkejeli. Bi Bosiljka alipoambiwa alikoroga kahawa, akasema hongera, akamuuliza mbona analia. Vida akasema ni uchovu.

Jioni ile marehemu alikwenda hadi darajani kama kawaida. Miloje alimwona kwa mbali akijipapasa mifuko, akisimama muda mrefu, kisha akigeuka. Alimfungulia tena mlango. Walimpa chumba cha sampuli za udongo, chenye rafu na kitanda cha kukunja, na Miloje akaongeza jina lake kwenye orodha ya wenye funguo. Kiangazi chote alikuwa humo, akipanga upya vibandiko vya masanduku.

Mwezi wa Oktoba kitabu kilitoka toleo jipya, jalada la bluu, na la zamani halikukubaliwa tena hata kama halikusainiwa. Sura ya nne ilikuwa vilevile. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikinunua wote, kwa kuwa mtihani haukuwa na njia nyingine. Asubuhi walijaa ukumbini mbele ya benchi la marehemu, wakakitandika kwenye sakafu ya mawe, wakakikalia ili wasipate baridi, wakafungua daftari na kuandika alichokuwa akisema. Walijua kipi ni cha mtihani na kipi ni cha shamba. Hakuna aliyewachanganyia.

Siku ya wafu ya Novemba, Bi Bosiljka alipeleka ngano kwa mumewe kule makaburini, halafu akamwambia Vida wapitie kitivoni, kwa maana lile kaburi la jirani siku hizi halina mtu. Walimkuta Profesa Lukić kwenye benchi lake, koti limekauka, udongo wa mikononi umegeuka vumbi. Vida aliweka sahani ya ngano kando yake. Alimimina kahawa, safari hii ndani ya kikombe. Alikuwa amekuja na neno moja, amelibeba tangu Juni, la kuomba radhi. Alifungua kinywa. Bi Bosiljka akamtazama. Wafu hupewa, hawaombwi, na Vida akafunga kinywa.

Marehemu alikunywa kahawa mpaka machicha. Kisha akachukua chaki, akawageukia wanafunzi waliokuwa wameketi juu ya vitabu vyao, akaendelea na sura ya nne.